Je, Wajua? Mwembe, Tufaha la Njia ya Misafara

Toleo hili ni la mwenye ua, jembe na kivuli kidogo. Tunaanza na mtufaha, mti ambao wengi Tabora wangependa kuuona nyuma ya nyumba, kisha tunahamia kwa mti ambao tayari uko pale na hautunzwi.

Tufaha kwanza

Je, wajua kwamba mtufaha hulala, na hauamki bila baridi? Aina nyingi tunazoziona madukani hudai saa 800 hadi 1,000 za ubaridi chini ya nyuzi 7 za Selsiasi kila mwaka. Zikikosekana, macho ya matawi hayafunguki sawasawa: majani hutoka kwa kusuasua, na maua huwa machache tena ya nyakati tofauti. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, lakini hata usiku wa Juni na Julai joto hukaa karibu na nyuzi 15. Mti unangoja baridi isiyokuja.

Je, wajua kwamba mbegu ya tufaha la dukani inataka friji? Ichomoe kwenye tunda uizike udongoni moja kwa moja, na huenda usione kitu. Kwa kawaida hukaa miezi miwili hadi mitatu katika unyevu na ubaridi ndipo iote. Na ikiota, usitegemee tunda la mama yake. Matufaha yote yenye majina maarufu duniani huzalishwa kwa kubebesha, yaani kuunga kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, si kwa mbegu.

Je, wajua kwamba ipo mitufaha mivumilivu, yaani isiyodai baridi nyingi? Anna ilizalishwa Israel, Dorsett Golden ilipatikana Bahamas. Zipande pamoja, kwa sababu Anna huzaa vizuri ikipata chavua ya jamaa mwingine anayechanua wakati mmoja nayo. Makao ya aina hizi katika nchi yetu ni nyanda za juu kama Njombe na Lushoto. Kwa majirani, matufaha hulimwa Kigezi kule Uganda na Chencha kule Ethiopia, kote milimani.

Je, wajua kwamba wakulima wa Batu, katika kisiwa cha Java, huudanganya mtufaha? Wiki chache baada ya mavuno huyapukutisha majani yote kwa mikono. Mti unadhani majira yamebadilika, unachanua upya, na mkulima anavuna mara mbili kwa mwaka. Lakini Batu nako ni mlimani, na kazi ya kupukutisha mti jani kwa jani haitaki mvivu.

Je, wajua kwamba mtu mmoja alikwisha kulinganisha embe na tufaha karibu miaka 700 iliyopita? Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipita pwani yetu mwaka 1331. Alipokuwa Mogadishu, kabla ya kushuka Mombasa na Kilwa, aliandaliwa chakula chenye achari za ndimu, pilipili, tangawizi na embe. Akaeleza kuwa embe hufanana na tufaha ila lina kokwa, na kwamba likiwa bichi ni kali kama ndimu, likiiva ni tamu sana. Basi mwenye ua Tabora asijisumbue: tufaha lake analo.

Njiani

Je, wajua kwamba mwembe si mti wa porini hapa? Asili yake ni Asia, upande wa India na Myanmar, ambako umelimwa kwa maelfu ya miaka. Kila mwembe uuonao kati ya Bagamoyo na Ujiji una ukoo uliovuka bahari.

Je, wajua kwamba njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,200, imo katika orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006? Tanzania ilitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Majengo mengi ya wakati ule yalikuwa ya udongo, na mvua imeyarudisha udongoni. Miembe imesalia, na mahali pengi ndiyo inayomwonyesha mgeni kambi ilikuwa wapi.

Je, wajua kwamba wapelelezi Waingereza Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo? Walifika tarehe 7 Novemba 1857. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mzigo unaokaribia frasila mbili, kama kilo 30 na kidogo, kwa miguu. Watumwa walipita njia hiyohiyo wakiwa wamefungwa. Kivuli cha mwembe wa kambini kimewapokea watu wa hali zote mbili, na historia ya mti huu haisimuliki kwa haki bila kuwataja wote.

Je, wajua kwamba hesabu ya kokwa na hesabu ya safari hazilingani? Kokwa ya embe iliyoachwa wazi ikakauka hupoteza uwezo wa kuota ndani ya wiki chache. Msafara wa kutoka pwani hadi Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, ulikula miezi mitatu, minne. Kwa hiyo kokwa ya embe lililoliwa Bagamoyo, ikatiwa mfukoni, isingeota Tabora. Yamebaki mambo matatu: ama ilifungwa katika unyevu na kutazamwa kila siku, ama ilisafiri ikiwa mche, ama ilihama kituo kwa kituo, kizazi kwa kizazi, embe la kambi moja likizaa mwembe wa kambi inayofuata. Husemwa kwamba miembe hii ilijiotea tu kutokana na kokwa zilizotupwa na wapita njia. Huenda michache ndivyo. Lakini mti kufika Tabora kulitaka mtu mwenye nia.

Je, wajua kwamba nia hiyo ilikwisha kuonekana kabla ya 1872? Mwandishi wa habari Stanley alipokaa Unyanyembe mwaka 1871 aliandika kwamba Waarabu waliotoka Zanzibar walikuwa wamepanda kandokando ya matembe yao michungwa, milimau, mipapai na miembe, nayo ilikuwa ikistawi vizuri. Hiyo ilikuwa bustani ya nyumbani hasa: mti wa kula, karibu na mlango.

Je, wajua kwamba mmisionari na mpelelezi Livingstone aliishi Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, tangu Februari hadi Agosti 1872? Alikuwa akingoja wapagazi na vifaa kutoka pwani. Tembe lake sasa ni makumbusho. Mwaka uliotangulia alikuwa amekutana na Stanley Ujiji, na ukienda Ujiji leo utaonyeshwa miembe miwili penye mnara wa kumbukumbu, inayoelezwa kuwa imetokana na mwembe waliokutana chini yake.

Je, wajua kwamba Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu pale Bagamoyo, iliyoanzishwa 1868, nayo ina njia yake ya miembe? Mwili wa Livingstone ulilazwa katika misheni hiyo Februari 1874, baada ya wasaidizi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo, wakipitia Unyanyembe.

Je, wajua kilichobadilisha safari ya kokwa? Reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Miezi ikawa siku. Tangu hapo embe la Dar es Salaam likaweza kuliwa ndani ya behewa, na kokwa yake ikafika Tabora ingali hai.

Kokwa na mche

Je, wajua kwamba ganda la kokwa ni kizuizi? Kinachoota kimo ndani. Ioshe kokwa nyama yote iishe, ianike kivulini siku moja, kisha ufungue ganda pembeni kwa kisu au mkasi wa kupogolea, taratibu usijeruhi kiini. Panda kiini kikiwa kibichi, upande uliopinda kuingia ndani ukiangalia chini, kifunikwe udongo kidogo tu. Ndani ya wiki mbili au tatu kitachomoza.

Je, wajua kwamba kuna kokwa zinazotoa mche mmoja na nyingine mitatu au minne? Aina nyingi zenye asili ya India hutoa mche mmoja, ambao ni mchanganyiko wa baba na mama na haujulikani utazaa nini. Aina nyingi za Asia ya Kusini-Mashariki hutoa miche kadhaa kutoka kokwa moja, na mingi kati yake ni nakala ya mama. Ukiona miche mingi imechomoza pamoja, acha yenye nguvu, ng'oa ile dhaifu.

Je, wajua umri wa subira? Mwembe wa kokwa huchukua miaka 5 hadi 8, pengine zaidi, kuanza kuzaa. Uliobebeshwa huanza ukiwa na miaka 3 au 4. Ndiyo maana mche wa kubebeshwa huuzwa ghali, na ndiyo maana inakupasa ujifunze kubebesha mwenyewe.

Je, wajua kwamba kubebesha ni kazi ya wembe na utepe? Chukua mche wa kokwa uliofikia unene wa penseli. Tafuta kikonyo cha unene huohuo, urefu wa sentimeta 10 hadi 15, kutoka ncha ya tawi la mti unaoupenda, macho yake yakiwa yamevimba lakini hayajafunguka. Siku saba au kumi kabla ya kukikata, punguza majani yake, ubakize vikono vya majani tu; macho yatavimba. Kata kichwa cha mche, pasua katikati sentimeta tatu au nne, chonga kikonyo kama kabari, kitie, na maganda yakutane angalau upande mmoja. Funga kwa utepe wa plastiki, vika mfuko mwembamba juu, weka kivulini. Baada ya wiki tatu hivi, macho yakifunguka, ondoa mfuko.

Je, wajua kwa nini mtu hununua mche wa embe aina ya Kent akaja kula embe la kienyeji? Chini ya kiungio huota machipukizi ya shina la kokwa. Yakiachwa, yana mbio kuliko kikonyo. Hukipita, hukifunika, kikafa. Mwenye mti hana habari mpaka siku ya mavuno. Kagua kila mwezi miaka miwili ya mwanzo, na kila kinachochipua chini ya kiungio kinyofoe.

Je, wajua kwamba ukitaka tufaha Tabora unaweza kupanda embe lenye jina hilo? Aina ya Apple ni embe la duara, lililozoeleka tangu zamani pwani ya Kenya, na sasa hupandwa sana Kenya na Tanzania. Wenzake waliozoeleka huku kwetu ni Dodo, Boribo, Ngowe na Sindano.

Je, wajua kwamba Tommy Atkins na Kent, maembe yanayosafirishwa sana duniani, ni wazao wa Haden? Haden ilitokana na kokwa iliyopandwa Coconut Grove, Florida, mwaka 1902, ikazaa mara ya kwanza 1910. Mama yake alikuwa Mulgoba kutoka India. Miti yote ya Haden iliyofuata ilibebeshwa, kikonyo kwa kikonyo, kutokana na mti ule mmoja.

Shimo

Je, wajua kwamba shimo huchimbwa kabla ya mvua, si siku ya kupanda? Liwe sentimeta 60 kila upande na kina hichohicho. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto. Changanya ule wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza, urudishe kwanza. Acha udongo utulie, panda mvua za Novemba au Desemba zikishika. Kiungio kibaki juu ya ardhi, kisiguse udongo.

Je, wajua mwembe unataka nafasi gani? Meta 8 hadi 10 kutoka mti hadi mti, na usiupande chini ya meta 6 kutoka ukutani. Mche wa leo una urefu wa goti. Mwembe usiopogolewa hufika meta 30. Miembe mikubwa ya mitaa ya Tabora haikuanza hivyo.

Je, wajua adui wa kwanza wa mche Tabora? Mchwa. Hupenda mche wenye kiu na nyasi kavu zilizorundikwa shinani. Matandazo yawekwe, maana hutunza unyevu, lakini yaache duara tupu ya sentimeta 30 kuzunguka shina. Mwagilia mara moja kwa wiki katika kiangazi cha kwanza, kuanzia Mei hadi Oktoba, ndoo moja iliyomwagwa polepole kuliko vikombe vya kila jioni.

Je, wajua adui wa pili? Moto. Kiangazi majani ya porini hukauka, na moto wa jirani haubishi hodi. Palilia eneo la mti libaki udongo mtupu ifikapo mwisho wa Mei.

Je, wajua kwamba mti mchanga unaochanua mapema hujidhulumu? Mche uliobebeshwa unaweza kuchanua mwaka wa kwanza tu. Vunja maua hayo, na ya mwaka wa pili pia. Nguvu ziende kwenye mizizi na matawi. Embe moja la leo litakugharimu ndoo nzima ya kesho.

Maua

Je, wajua kwamba shada moja la maua ya mwembe lina mamia ya maua, pengine maelfu, na mwisho hubaki maembe mawili au matatu? Maua mengi ni ya kiume. Chini ya ua moja katika kila mia hufikia kuwa tunda la kuvuna. Kwa hiyo embe changa zikipukutika Agosti, usikimbilie dawa. Mti unapunguza mzigo wake.

Je, wajua anayechavusha? Nzi wa kawaida wana sehemu kubwa, pamoja na nyuki. Na Tabora ina nyuki: asali yake ya miombo inajulikana nchi nzima, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapohapo mjini. Mwenye mzinga karibu na mwembe asipulize sumu ya wadudu wakati wa maua, maana ataua watumishi wake mwenyewe.

Je, wajua kwa nini Tabora inaufaa mwembe kuliko mahali pengi penye mvua za mwaka mzima? Mwembe hutaka kipindi kikavu na usiku wenye ubaridi kidogo ili uache kutoa majani na uanze kutoa maua. Tabora huupa miezi sita ya ukavu bila kuombwa. Tena mashada yanayofunguka Juni na Julai hayalowi mvua, na mvua wakati wa maua ndiyo inayoleta chule, ugonjwa wa madoa meusi unaounguza maua na kuozesha tunda.

Je, wajua kwamba ukavu nao una ugonjwa wake? Ni ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga juu ya mashada, unaojulikana sana kwa wakulima wa korosho. Si ajabu: mwembe na mkorosho ni ndugu wa ukoo mmoja. Unga wa salfa, unaopulizwa mapema mashada yanapochomoza, huuzuia. Undugu huo ndio unaoeleza pia kwa nini utomvu wa mwembe huunguza midomo ya baadhi ya watu kama ufanyavyo wa korosho.

Je, wajua kwamba Wafilipino walichanulisha miembe kwa moshi? Waliwasha majani mabichi chini ya mti, siku baada ya siku, mpaka maua yatoke. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wao Ramon Barba alionyesha kwamba kupuliza nitrati ya potasiamu kunafanya kazi hiyo kwa urahisi zaidi. Tabora hatuhitaji, lakini ni vizuri kujua kwamba hata mwembe hushawishika.

Je, wajua siri ya kupogoa? Pogoa mara tu baada ya mavuno, Januari au Februari, mvua zingalipo. Matawi mapya yatachipua, yatakomaa kufikia Juni, na yatachanua. Ukipogoa Mei, utapata majani mazuri na msimu bila embe. Fungua katikati ya mti jua liingie, ondoa yaliyokauka na yanayosuguana, na usiuache upite meta 5 ikiwa unataka kuchuma bila kupanda.

Je, wajua kwamba mwembe mzee usiozaa vizuri waweza kuanza upya? Ukatwe matawi makuu baada ya mavuno, shina lipakwe chokaa lisiunguzwe na jua, kisha kati ya machipukizi mengi yachaguliwe manne au matano yenye nafasi, yabebeshwe aina mpya. Mizizi ya babu, tunda la mjukuu. Ila miembe ya Kwihara na Ujiji iachwe ilivyo. Hiyo haikuwekwa kwa ajili ya gunia.

Nzi na wenzake

Je, wajua kwamba nzi wa matunda anayetuharibia maembe leo ni mgeni? Bactrocera dorsalis, kutoka Asia, aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, akaenea Afrika kwa kasi. Jike hutoboa ganda la embe linalokaribia kuiva na kutaga ndani. Nje huoni kitu. Ukipasua unakuta funza.

Je, wajua kwamba embe lililoanguka ndilo kiwanda chake? Funza hutoka ndani ya tunda, huzama udongoni sentimeta chache, hugeuka pupa, kisha nzi mpya. Okota maembe yaliyoanguka kila siku, si kila wiki. Yazike kina cha nusu meta, au yafunge katika mfuko mweusi wa plastiki na kuuanika juani mpaka funza wafe. Na kuku? Waache wachakure chini ya mwembe; mabuu ni chakula chao.

Je, wajua kwamba mtego wa chupa wenye dawa ya kuvuta nzi hunasa madume tu? Unapunguza uzao na unakuonyesha wamefika, lakini hauwezi kazi peke yake. Uambatanishe na usafi wa chini ya mti, na jirani naye afanye hivyohivyo, la sivyo unafuga nzi wake.

Je, wajua kwamba sisimizi wa mitini wajulikanao kama maji moto ni walinzi? Mahali wanapojenga viota vyao vya majani, nzi wa matunda huogopa kutaga. Watakuuma siku ya kuchuma, hilo halina ubishi. Jipake majivu mikononi, kisha uamue nani anakusumbua zaidi.

Mavuno na jikoni

Je, wajua kwamba rangi huwadanganya wachumaji? Tommy Atkins huwa jekundu kabla ya kukomaa. Dodo hukomaa likiwa kijani. Tazama mabega: embe lililokomaa hujaa pande mbili za kikonyo, na kikonyo huonekana kuzama. Kata ukiacha sentimeta moja au mbili za kikonyo, ligeuze kichwa chini mpaka utomvu uishe, ndipo uliweke kikapuni.

Je, wajua kwamba embe bichi lina vitamini C nyingi kuliko bivu, na bivu lina viini vingi vya vitamini A kuliko bichi? Kwa hiyo wale watoto wanaokula embe bichi kwa chumvi na pilipili na bibi anayengoja liive wote wana haki.

Je, wajua kwamba kabaidi ya wachomeleaji haifai kuivishia? Huweza kuwa na chembe za arseniki. Fungia maembe pamoja na ndizi mbivu katika sanduku au gunia safi. Hewa inayotoka kwenye ndizi itayaivisha.

Je, wajua kwamba nyumba ya Mnyamwezi tayari ina ujuzi wa kuhifadhi embe? Mikono inayokata viazi vitamu na kuvianika kuwa michembe yaweza kukata embe bivu lililo gumu bado, vipande vyembamba, na kulianika juu ya chanja lenye chandarua. Lakini msimu wa embe ni msimu wa mvua. Chanja liwe na paa la nailoni nyeupe, na upepo upite pande zote, vinginevyo utavuna ukungu.

Wenyeji wasisahauliwe

Je, wajua kwamba mkusu, mti wa matunda wa miombo, una jinsia? Kuna mti dume na mti jike, na dume hauzai hata ukiulaani. Mwenye kutaka mikusu uani apande kadhaa, au abebeshe kikonyo cha jike. Achote pia udongo kidogo chini ya mkusu mkubwa autie shimoni, kwa sababu mizizi yake hushirikiana na kuvu wa udongo ule, na bila hao mche hudumaa.

Je, wajua kwamba kituo cha utafiti cha Tumbi, nje ya mji wa Tabora, kimeshughulika na matunda haya ya miombo? Mkusu, mtonga, mbura na mfuru ilichunguzwa huko kama miti ya kupandwa, na akina mama wa mkoa wakafundishwa kutengeneza juisi, jamu na mvinyo wake. Miti hii haikuhitaji msafara kuileta.

Kalenda ya kubandika ukutani

Novemba: panda miche, maembe ya kwanza yanaiva. Desemba na Januari: chuma, okota yaliyoanguka kila siku. Februari: pogoa, tia samadi kuzunguka kivuli cha mti, si shinani. Machi na Aprili: palilia, nyofoa machipukizi ya chini ya kiungio. Mei: safisha eneo moto usipite. Juni na Julai: kagua ubwiriunga, usimwagilie mti mkubwa maua yanapotoka. Agosti na Septemba: endelea kumwagilia michanga. Oktoba: tundika mitego ya nzi, chimba mashimo mapya.

Na kokwa ya embe tamu kuliko yote uliyokula Desemba, usiiweke dirishani ukisubiri nafasi. Ipande wiki hiyohiyo, na mwembe wenye vikonyo vizuri ukiwa kwa jirani, nenda ukaombe.